Fundi Mukami na keji isiyolia

Ting.

Kabla hujamwona, unamsikia. Mlio mmoja wa chuma, mwembamba na mkali, unatoka ndani ya gari lisilo na vioo. Kimya kidogo. Kisha sauti ya mwanamke inasema, "Sawa." Kisha mlio mwingine.

Ni saa moja jioni. Giza linaingia katika machimbo ya zamani ya mawe upande wa Njiru, mashariki mwa Nairobi, mahali ambapo watu wa Eastlands wamepabatiza Kokoto. Jenereta inanguruma, taa zinawaka juu ya nguzo, na chini yake inaonekana njia ya mviringo ya udongo wa murram, fupi hivi kwamba dereva akitoka kona moja tayari yuko kwenye nyingine. Magari kuukuu yamepangwa kando. Yamebonyea, yamepakwa rangi kwa brashi, yanangoja kugongana.

Mwenye nyundo ni Jacklyne Mukami, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Kware, umri wake miaka thelathini na minne. Amesimama nje ya gari aina ya Sunny la rangi nyeupe na buluu, ameinama, kichwa na mkono wake vimepita dirishani. Anagonga paipu za chuma zilizomzunguka dereva, kiungo kimoja baada ya kingine, na kila akigonga anafumba macho.

Paipu hizo ndizo keji. Gari likipinduka, paa la bati hukunjika kama karatasi. Kinachobaki kati ya dereva na ardhi ni keji. Na kinachoishikilia keji ni mkono wa aliyeichomelea.

"Kiungo kizuri kinalia," anasema Mukami. "Kibaya kinajibu kama ndoo imejaa maji. Du. Ukishasikia hiyo du mara moja, hutaisahau."

Usimwambie mtu wa Kayole au Umoja kwamba mbio za magari ni mchezo wa wenye mashamba na helikopta. Atakucheka. Hapa gari la mbio huzaliwa kutokana na gari lililochoka kazi. Injini ilitoka kwenye teksi, kiti kilitoka kwenye pikapu iliyokuwa ikipeleka kabichi soko la Muthurwa, na dereva mwenyewe ametoka kazini saa kumi, hajala. Hakuna mdhamini. Kuna vumbi, kuna kelele, na kuna jina. Watu wanakuja kupigania jina.

Kokoto ina sheria chache, na mlinzi wa sheria hizo ni Mzee Wahome, mstaafu wa karakana ya reli ambaye bado huvaa koti lake la kazi. Kila keji hukaguliwa na fundi aliyeitengeneza, usiku wa mbio, kabla gari halijavuka mstari wa kuanzia.

"Kabla ya mstari, hakuna aibu," anaeleza Mzee Wahome. "Niambie gari yako ni mbovu, nitakushukuru, urudi wiki ijayo. Lakini ikivuka mstari, umeniambia ni nzima. Ikionekana mbovu baada ya hapo, umenidanganya. Na mtu anaweza kufa kwa huo uongo."

Adhabu haina mjadala. Fundi ambaye keji yake imepatikana na kasoro baada ya mstari hachomelei tena keji yoyote ya Kokoto mpaka msimu uishe.

Msimu huu ndio umeanza. Usiku huu, keji sita zilizo uwanjani ni za Mukami.

Dereva wa Sunny ni Peter Obonyo, mkazi wa Pipeline, baba wa msichana mmoja aitwaye Awiti. Kabla ya kununua Sunny hii aliendesha matatu ya Eastleigh kwa miaka kumi na miwili. Bado ana mabega ya dereva wa matatu, bado huegemeza kiwiko dirishani hata akiwa amevaa helmeti.

"Fundi, harakisha," anapaza sauti. "Wenzangu wako kwa mstari."

"Tulia, Baba Awiti. Ukitaka haraka nenda uendeshe bodaboda."

Obonyo anacheka ndani ya helmeti. Mukami anasogea nyuma ya gari. Kimebaki kiungo kimoja, mguu wa nyuma wa kushoto, pale keji inaposhuka na kushikana na sakafu. Mguu huo ulivunjika wiki iliyopita katika mgongano, naye akauchomelea upya Alhamisi jioni. Anapenyeza mkono kwenye dirisha la nyuma. Anagonga.

Du.

Anafumbua macho. Labda ni jenereta. Labda ni magari mengine, yote yanapiga kelele kwa pamoja sasa. Anasogeza sikio karibu zaidi, anagonga tena pale pale.

Du.

Na Sunny inaondoka.

Inaondoka kwa nguvu, inarusha changarawe, inamng'oa Mukami dirishani na kumtupa chini kwa bega. Anapoinua kichwa, taa ya nyuma inapotelea kwenye foleni ya kuanzia. Hakuna aliyemfukuza Obonyo. Hakuna aliyempa ishara. Au ndivyo kila mtu anavyodhani wakati huo.

Mukami anasimama. Mkono wa kushoto hauinuki vizuri. Kutoka hapo hadi mstarini si mbali, lakini kati yake na mstari kuna matairi, mitungi ya mafuta na mafundi waliosimama wakipiga domo. Anakimbia akiwasukuma.

"Simamisha! Hiyo Sunny, simamisha!"

"Niaje, Mukami, umeibiwa?" mmoja anamtania.

Anampita. Anapofika kwenye jukwaa la mbao la mwenye bendera, bendera ya kijani imeshashuka. Magari kumi na mawili yamevuka mstari kwa mpigo mmoja, na vumbi limefunika taa.

Amevuka. Obonyo amevuka.

Mukami alijifunza kazi hii akiwa na miaka kumi na tisa, kwa mjomba wake aliyekuwa na kibanda kando ya barabara ya vumbi huko Kware. Alianza kwa kushika paipu wengine wakichomelea. Leo kibanda ni chake. Nusu ya milango ya chuma ya ghorofa zinazokizunguka ameichomelea yeye, na madirisha, na vizuizi vya ngazi.

Lakini mlango haumpi fundi jina. Mlango mmoja humwachia faida ya shilingi mia tano, na mwenye nyumba hulalamika hata hizo. Keji moja humwachia elfu saba. Zaidi ya hapo, keji humfanya dereva kutoka Dandora avuke mji mzima akiulizia, "Yule mama wa keji anakaa wapi?"

"Mwanzo walinicheka," anasema. "Waliniambia, wewe tengeneza jiko. Halafu gari ya kwanza yenye keji yangu ikapinduka mara tatu, jamaa akatoka akiulizia soda. Hakuna mtu amenicheka tena."

Tatizo la Kware ni stima. Jioni, ghorofa zote zikiwasha majiko na pasi kwa pamoja, umeme hushuka, na moto wa kuchomelea hukohoa kama mtu mgonjwa. Chuma hushikana juu juu, ndani kukabaki baridi. Mafundi wa huko wanalijua hilo, na kazi nzito huifanya asubuhi. Alhamisi ile kazi ilikuwa ya jioni. Obonyo alikuwa amesimama mlangoni akiomba gari lake.

"Niligonga, ikalia," anasema Mukami kuhusu mguu ule. Kisha anasahihisha. "Au nilitaka ilie."

Jukwaani, mwenye bendera ni Dedan, kijana mrefu anayefanya kazi ya rangi huko Umoja siku za wiki. Anamwona Mukami akipanda na kushika ukingo kwa mkono mmoja.

"Dedan, mtoe Obonyo. Keji haijashika."

"Nini?"

"Mguu wa nyuma. Haulii. Mtoe!"

Dedan anatazama uwanja, kisha anamtazama yeye. "Fundi, amevuka mstari. Nikimtoa sasa, Wahome ataniuliza kwa nini. Unajua atakufanya nini?"

"Najua."

"Msimu mzima, Mukami. Mbio ni raundi ishirini tu. Labda amalize, umwambie pole pole baadaye, mtengeneze huko kwenu..."

"Nimesema inua!"

Magari yanapita mbele yao kama ukuta unaoanguka. Jukwaa linatetemeka. Sunny ni ya tatu, inagusana bega kwa bega na Starlet nyekundu. Dedan anachukua bendera nyeusi, ile ya kumwita dereva mmoja atoke, anaishika juu na kumnyooshea Obonyo kidole.

Obonyo anapita.

Anapita tena. Sasa ni wa pili. Helmeti yake haijageuka hata kidogo, na ukimjua Obonyo huwezi kusema kwa uhakika kama ni vumbi limemziba macho au ni yeye ameamua kutoiona bendera. Mashabiki wanaimba jina lake. Wengi ni watu wa Pipeline, wamekuja kwa ajili yake.

Kwenye uzio, katikati ya kelele hizo, yupo mwanamke asiyeimba. Ni Roseline, mke wa Obonyo, mshonaji wa sare za shule. Hajawahi kuja Kokoto kabla ya leo. Amekuja kwa sababu mumewe alimwahidi atashinda. Anamwona Mukami jukwaani akipunga mkono kama mtu anayezama, anaona bendera nyeusi, haelewi bendera, lakini anauelewa ule mkono. Anashika waya wa uzio kwa vidole vyote.

Kona ya mbali, Starlet inaipiga Sunny nyuma, upande wa kushoto. Upande ule ule. Sunny inainuka kwa magurudumu mawili. Umati unavuta pumzi. Gari linaning'inia hapo, linafikiri, kisha linaangukia matairi yake na kuendelea.

"Nyekundu," anasema Mukami. "Simamisha zote."

"Siwezi! Nyekundu ni ya moto au gari ikipinduka!"

"Kwa hivyo unangoja ipinduke?"

Dedan anatazama kona ya mbali.

"Nakuuliza, Dedan. Unangoja apinduke, paa imkalie, ndio upate sababu?"

Kijana anaitupa ile nyeusi chini. Anaiinua nyekundu kwa mikono miwili na kuipeperusha kana kwamba anataka kuirarua. Gari moja linapunguza mwendo. Lingine. Moja baada ya jingine yanasimama, injini zinakohoa, na vumbi linaanza kushuka polepole juu ya kila kitu.

Kisha umati unalipuka.

"Tumelipa pesa!"

"Nani ameumia? Hakuna mtu ameumia!"

"Ni yule mama! Mrudisheni jikoni!"

Mukami anageukia upande wa sauti hiyo. "Hata mlango wa hiyo jikoni yenu ni mimi nilichomelea!" Wachache wanacheka. Wengi hawacheki. Chupa ya plastiki inagonga nguzo ya jukwaa.

Obonyo anatoka kupitia dirishani, anavua helmeti, anakuja kwa hatua kubwa. Macho yake ni mekundu.

"Mukami, umeniuza kwa nani? Nilikuwa nampita! Kona moja tu, nilikuwa nampita!"

"Kwa nini uliondoka kabla sijamaliza?"

"Hujamaliza nini? Si wewe ulinigongea mbili?"

Watu waliokuwa karibu wanageuka. Kila aliyewahi kupanda matatu Nairobi anaijua lugha hiyo. Kondakta akigonga bodi mara moja, simama. Akigonga mara mbili, twende. Mukami hugonga kila kiungo mara moja, kisha husema "Sawa." Usiku huu, kwenye mguu wa nyuma, aligonga mara mbili, akanyamaza.

"Miaka kumi na miwili," anasema Obonyo, na hasira inaanza kumtoka. "Nikisikia mbili, huu mguu wangu haungoji niseme. Unaenda."

Mmoja wa mafundi anaanza kucheka, kisha anaona uso wa Mukami na kuacha.

Mzee Wahome amefika. Nyundo yake ni kubwa, ya kazi ya reli, na anaibeba begani. Haulizi mengi. "Mguu upi?"

Mukami anamwonyesha. Mzee anapiga magoti, anamulika kwa tochi. Rangi imetulia, haina ufa. Anapiga kwa nguvu kutoka juu. Keji inatikisika, mguu hautoki.

"Ona! Ni nzima!" mtu anapiga kelele kwenye uzio. "Anzeni tena!"

Mzee anapiga tena. Hautoki. Anajifuta jasho, anamtazama Mukami kwa muda. Kuna kitu laini machoni mwake. Amemjua tangu akiwa msichana wa kushika paipu.

"Mimi naona imeshika," anasema. "Labda ni kelele ya jenereta ilikuchanganya. Eh?"

Mlango umefunguliwa, mpana kabisa. Neno moja tu, "Labda," na msimu wake uko salama, na keji zake sita zitaendelea kukimbia, na madereva wa Dandora wataendelea kuulizia kibanda chake. Umati unataka alitamke. Obonyo analitaka. Dedan jukwaani analitaka kuliko wote.

Mukami anavuta pumzi.

"Si hapo, Mzee. Umepiga kutoka juu. Piga kutoka chini."

Wahome hasogei. "Una uhakika?"

"Piga chini."

Mzee analala chali, anapenyeza nyundo chini ya gari, anapiga mara moja. Sauti inayotoka ni ya kitu kinachobanduka. Mguu wa keji unaachana na sakafu, na katikati yake kunapita mwanga wa tochi, upana wa kidole. Chuma cha ndani hakikuwahi kuyeyuka. Ni kijivu na kikavu, kama hakijawahi kuguswa na moto.

Kwenye uzio, hakuna tena anayedai mbio zianze.

Obonyo anachuchumaa. Anaingiza kidole kwenye pengo hilo, anakitoa, anakitazama. Kisha anasimama na kumgeukia Mzee Wahome.

"Mzee, kosa ni langu. Mimi ndiye niliondoka. Angekuwa amenizuia hapa, tusingekuwa na haya maneno."

"Mstari ni mstari, Obonyo."

"Lakini ni yeye amesema! Ungepiga juu mpaka kesho!"

"Nimesikia. Na bado mstari ni mstari." Wahome anajipangusa magoti. Sauti yake haina ukali. "Mukami, msimu huu umekwisha kwako. Na hizo tano zingine zenye mkono wako haziendi mbio usiku huu."

"Hizo tano ningekuomba mimi mwenyewe uzizuie," anajibu Mukami. "Sijui stima ilinicheza jioni ngapi zingine kama Alhamisi ile."

Madereva watano wanatoka kwenye magari yao. Mmoja anatupa glavu chini. Mwingine anakuja kumshika Mukami bega lisiloumia, kisha anaenda zake. Mbio zinaanza upya na magari sita, na umati, ambao dakika chache zilizopita ulitaka kubomoa jukwaa, unaimba tena. Kokoto haiombolezi. Inasonga.

Mukami ameketi juu ya tairi nyuma ya Sunny, bega limefungwa kwa kitambaa. Haonekani mtu aliyeshindwa. Anaonekana fundi anayepanga kazi, na anaipanga kwa sauti.

"Nitarudi kwa milango na madirisha. Nimeishi kwa hayo kabla, nitaishi," anasema. "Lakini keji zote sita zinarudi Kware. Nitazichomelea alfajiri, watu wakiwa wamelala, stima ikiwa na nguvu. Silipishi mtu. Mwaka ujao nitazileta kwa Mzee Wahome, azipige kutoka juu, kutoka chini, kutoka popote anapotaka."

Roseline amepita uzio. Hakuna aliyemzuia. Obonyo anataka kumwambia kitu, naye anamwashiria anyamaze. Anasimama mbele ya Mukami, mikono bado ina alama za waya.

"Wewe ndiye uliifanya mbovu?" anauliza.

"Ndiyo, Mama Awiti. Ni mimi."

"Na ni wewe umemtoa."

"Ni mimi."

Roseline anatazama pengo lile sakafuni mwa gari. Anatazama kiti kilicho juu yake.

"Huyu mume wangu namjua," anasema. "Mwaka ujao atapanda tena, hata nikilia. Mimi sijui bendera, sijui mambo ya mstari. Nataka tu kujua ataketi ndani ya kazi ya nani."

Mukami anainuka kutoka kwenye tairi. Inamchukua muda, kwa sababu ya bega. Anasimama mpaka macho yao yanalingana, na anasema kwa sauti ambayo Obonyo, Dedan na mafundi wote waliobaki wanaisikia:

"Yangu. Nitaikata yote niichomelee upya, Mama Awiti, si mguu mmoja, yote. Na siku nitakayomaliza, nitakuita wewe kwanza kabla yake. Utakuja Kware, utaingia ndani, utaketi, utasukuma unavyotaka. Ukisema bado, ni bado."